Daftari Lisilosahihishwa: Fasihi ya Shuleni na Nafsi ya Mwanafunzi katika Mkoa wa Katavi

Kusudi la makala hii ni kuchungua jambo ambalo sisi watu wa lugha tumewaachia mno watu wa elimu, nalo ni matumizi ya fasihi na ya shajara katika kumlea mwanafunzi kimoyo na kijamii. Siku hizi husemwa mara nyingi kwamba mtoto asomaye hadithi, na kuandika kila siku yale aliyoyaona na kuyahisi, hujifunza kujitambua, kuzituliza hasira zake, kumhurumia mwenzake na kukaa vizuri na watu. Maneno hayo ni mazuri, wala sina nia ya kuyapinga. Lakini yapasa kuuliza: ni fasihi ipi, isomwayo kwa njia ipi, na daftari hilo ni la nani? Nitajaribu kuonyesha kwamba vitabu tulivyo navyo vyaweza kuifanya kazi hiyo, ila njia tunayovisomea huizuia. Na kwamba daftari la mwanafunzi halitamfaa kitu maadamu mwalimu hulisahihisha.

Nimeichagua Katavi kwa sababu huko jambo hili laonekana waziwazi kuliko mahali pengi. Mkoa huu ulikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Yaani katika miaka 10 idadi ya watu imezidi maradufu, na ongezeko la namna hiyo haliwezi kuletwa na uzazi peke yake. Mpanda wenyewe ni mji uliokuzwa na wageni, waliofuata madini ya risasi na reli itokayo Kaliua. Katika darasa moja twaweza kuwakuta watoto wa Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, ambao ni wenyeji. Watoto wa Wafipa. Watoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Na wajukuu wa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Kuanzia mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo mawili na ya Ulyankulu, katika Mkoa wa Tabora, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania.

Kwa wengi wa watoto hao Kiswahili ni lugha ya hadharani. Ni lugha ya shule, ya soko, ya ibada na ya ofisi ya mtendaji. Mtoto hubembelezwa kwa lugha nyingine, na msiba wa nyumbani hulizwa kwa lugha nyingine. Afikapo kidato cha kwanza, takriban masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, na kipindi cha Kiswahili hubaki karibu peke yake kuwa saa ambayo mtoto aweza kuandika jambo la moyoni kwa lugha aimudu kweli. Kwa hiyo namna tunavyoitumia saa hiyo si neno dogo.

Hebu tutazame saa hiyo hutumiwaje. Njia ya kuhakiki iliyoenea shuleni ni ile ya fani na maudhui, iliyopata nguvu wakati wa siasa ya Ujamaa. Njia hiyo ina sifa yake, nayo yapasa kutajwa: ilituondoa katika kusifu uzuri wa maneno matupu, ikatufundisha kuuliza kitabu chasema nini juu ya maisha ya watu. Walakini mtendwa wake daima ni jamii. Mwanafunzi huulizwa mwandishi ameionyaje jamii, jamii yapata funzo gani, matatizo ya jamii ni yapi. Naye huorodhesha dhamira, hutaja wahusika na sifa zao, akapewa alama. Hakuna mahali anapoulizwa kitabu kimemgusa wapi. Louise Rosenblatt, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alifundisha kwamba maana ya kazi ya fasihi hupatikana pale msomaji na maandishi wanapokutana, wala haimo katika maandishi peke yake. Darasani kwetu mmoja wa wakutanao hao amefungiwa mlango.

Ili nisiseme kwa jumla tu, nitachukua vitabu vitatu vilivyosomwa kwa miaka mingi katika kidato cha tatu na cha nne.

Cha kwanza ni Takadini, riwaya ya Ben Hanson iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Sekai, baada ya miaka mingi ya kukosa mtoto, azaa mtoto mwenye ualbino. Desturi yataka mtoto huyo auawe. Mama amchukua mgongoni, akimbia usiku, na hatimaye apokewa katika kijiji kingine. Jina Takadini lina maana ya “tumefanya nini?” Hiki ni kitabu chenye huruma, na kwa watu wa magharibi ya Tanzania, ambako wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya ushirikina, si hadithi ya mbali. Lakini msomaji na atazame jinsi kinavyolifungua fundo. Takadini hupata heshima kwa kuwa hodari wa kupiga mbira. Hupendwa na msichana mzuri, wakaoana. Na mwishowe wapata mtoto asiye na ualbino, jambo ambalo kitabu kinalionyesha kuwa ni furaha ya kumaliza yote. Sasa tumfikirie mwanafunzi mwenye ualbino aketiye dawati la mbele ili aone ubao. Je, haelewi kwamba mahali pake kijijini sharti apanunue kwa kipaji? Na kwamba furaha kamili ni kuzaa mtoto asiyefanana naye? Mtahini hawezi kuyaona hayo, maana hayamo katika orodha ya dhamira. Mwanafunzi huyo ayaona mara moja, na hakuna amwulizaye.

Cha pili ni Kilio Chetu, tamthiliya ya Medical Aid Foundation. Yahusu wazazi wanaoshindana kama watoto wafundishwe habari za mwili na mapenzi au wasifundishwe. Mama Suzi amweleza binti yake. Mama yake Anna aona ni mwiko. Na Anna ndiye apatwaye na mimba na maradhi. Hapana shaka kwamba tamthiliya hii iliandikwa kwa nia njema, tena kwa ujasiri, katika miaka ya 1990 wakati UKIMWI ulikuwa ukiua bila kizuizi. Lakini huelimisha kwa kuogofya, na wakati umebadilika kwa njia mbili. Kwanza, dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika mpango wa taifa mwaka 2004, na mtoto aliyezaliwa na virusi aweza leo kukua, kusoma na kuzeeka; afundishwapo kitabu hiki bila ya maelezo hayo, afundishwa jambo lisilo kweli juu ya uhai wake mwenyewe. Pili, uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Katavi wasichana 45 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, kiasi kilichokuwa kikubwa kuliko cha mkoa wo wote mwingine, ambapo kiasi cha nchi nzima kilikuwa 27. Mwezi wa Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa ajili ya mimba warudi darasani. Basi Anna sasa yumo darasani. Yeye ndiye asomaye habari za Anna, na kuulizwa mbele ya wenzake kwamba Anna anatufunza nini.

Cha tatu ni Orodha ya Steve Reynolds, nacho ndicho kitabu kilichonipa hoja ya makala hii. Furaha, msichana wa kijijini, aambukizwa UKIMWI na kufa. Kabla ya kufa aandika barua, na habari zaenea kwamba barua hiyo ina orodha na kwamba itasomwa katika mazishi yake. Wanaume kadha wa kijiji, tena wenye vyeo, wajawa na hofu, kwa kuwa kila mmoja adhani jina lake limo. Isomwapo yaonekana kwamba orodha si ya watu. Ni orodha ya mambo ambayo yangaliweza kuyaokoa maisha yake kama angaliyapata kwa wale waliomzunguka. Wahakiki wengi wameieleza tamthiliya hii kwa upande wa unafiki na wa UKIMWI, na ni kweli. Mimi naona ni tamthiliya juu ya maandishi ya siri na wale wanaotaka kuyasoma. Kijiji kizima chashughulishwa na swali la nani ametajwa. Hakuna aulizaye Furaha alikuwa akihisi nini alipokuwa akiandika. Na darasa letu huirudia dhambi ya kijiji hicho, litakapo mwanafunzi ataje wahusika na makosa yao, kisha lifunge kitabu.

Tukija sasa kwenye shajara, neno lenyewe lina la kutuambia. Kwa Kiarabu shajara ni mti, na mti wa nasaba ni maandishi ya ukoo, yaani fulani bin fulani mpaka kwa babu wa kwanza. Katika Kiswahili sanifu shajara imekuwa daftari la mambo ya kila siku ya mtu mmoja. Sina haja ya kuieleza hapa njia ya mageuzi hayo. Yatosha kuona kwamba neno lililobeba habari za ukoo limepewa kazi ya kubeba habari za mtu.

Kazi hiyo si ngeni kwetu, kama wasemavyo wengine kwamba Mwafrika hana desturi ya kuiandika nafsi yake. Mwana Kupona, katika mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia. Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu, na humo msiba wa mkewe Amina haukufichwa. Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zatuonyesha mtu mwenye mashaka na madeni ambaye hatumkuti katika vitabu vyake vya hekima. Jambo la kuangaliwa ni hili, kwamba maandishi hayo yote yalikuwa na msomaji aliyechaguliwa: binti, ndugu, au msomaji ambaye mwandishi amemkusudia mwenyewe. Hata mafundisho ya jando na unyago hayatolewi hadharani. Katika pwani mwari humwelekea somo wake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mambo ya moyoni hayasemwi mbele za watu, asema kweli. Lakini asemalo hilo ni hoja ya kulitetea daftari la siri, wala si hoja ya kulikataza.

Kwa Mishamo neno hili lina uzito wa pekee. Liisa Malkki, mtaalamu wa anthropolojia aliyefanya uchunguzi katika Mishamo na katika mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba watu wa makazini walikuwa wakisimulia historia moja ya wote, yenye mpango na mafundisho, ambapo wale wa mjini kila mmoja aliishi kwa namna yake. Historia ya “sisi” ilikuwa ngao, na ilifaa. Lakini mjukuu aliyezaliwa Tanzania, raia wa Tanzania, hurithi huzuni ambayo hakuiona kwa macho, na shuleni tena hufundishwa kusema “jamii yetu”. Pande zote mbili hapewi nafasi ya kusema “mimi”.

Je, kuandika kwamsaidia kweli? Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, katika Marekani, walichapisha habari za jaribio ambalo wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kwa siku nne juu ya mambo yaliyowatesa. Wale walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa mganga mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Tusizidishe: Joanne Frattaroli alipokusanya tafiti 146 za namna hiyo mwaka 2006, faida aliyoiona ilikuwa ya kweli lakini ndogo kwa wastani. Linalotuhusu sisi wanaisimu zaidi ni uchunguzi wa mwaka 1997 wa Pennebaker na wenzake juu ya maneno yenyewe. Waliofaidika zaidi ni wale ambao, siku hadi siku, maneno yao ya kueleza sababu na ya kutambua yaliongezeka. Haikutosha kumwaga machungu. Faida ilifuatana na kuyapanga.

Basi tuutazame utajiri wa Kiswahili katika kazi hiyo. Tunalo neno “kumbe”, ambalo ni alama ya kutambua iliyo wazi kabisa. Nikitunga mfano: “Nilimkasirikia mama kwa kuwa hakuja. Kumbe alikuwa mgonjwa.” Neno moja lageuza masimulizi yote ya nyuma. Tunayo “laiti” pamoja na -ngali-, ambayo humwezesha mtu kuitazama njia ambayo hakuipita: “Laiti ningalimwuliza.” Tena tuna namna mbili za kuieleza hisia. Twaweza kusema “niliogopa”, na twaweza kusema “hofu iliniingia”, “huzuni ikanishika”, “hasira zikanipanda”. Katika namna ya pili hisia ndiyo mtenda, nayo ni kama mgeni aliyeingia nyumbani. Na aliyeingia aweza kutoka. Sidai kwamba sarufi huponya. Nasema tu kwamba mwalimu aliye na chombo kama hiki hana sababu ya kumwachia mwanafunzi neno “hisia” peke yake.

Hali kadhalika tuna haya, soni, aibu na fedheha. Haya humzuia mtu asitende. Aibu humpata kwa kuonekana. Fedheha ni aibu iliyotangazwa. Msichana arudiye shule baada ya kuzaa aambiwa na watu kwamba hana haya. Akiweza kuandika kwamba alilonalo ni fedheha aliyotwikwa na wengine, amekwisha kupambanua jambo ambalo watu wazima wengi hawalipambanui. Hiyo ndiyo maana ya kujitambua, na hupatikana kwa msamiati. Na pale ambapo msamiati wa Kiswahili haumtoshi, na aandike neno la Kirundi au la Kipimbwe katikati ya sentensi, kwa kuwa hakuna asahihishaye.

Nafika sasa kwenye shauri lenyewe, nalo ni jepesi. Mwalimu na atenge dakika 15 katika vipindi vya fasihi, mara moja au mbili kwa juma. Kwanza mwanafunzi asiamriwe kujieleza. Aandike kwa kinywa cha mhusika. Aandike yale ambayo Anna hakupewa nafasi ya kuyasema, au usiku wa Sekai njiani, au barua ya Furaha kama angaliimaliza kwa namna nyingine. Mhusika ni kama buibui la mwanamke wa pwani, hufunika na huku humwacha mtu akiona. Baada ya muda wengi watavuka wenyewe kutoka “yeye” hadi “mimi”, na asiyevuka asisukumwe. Pili, daftari ni mali ya mwanafunzi. Mwalimu halikusanyi, halisomi, halipi alama, wala wino mwekundu hauligusi. Tatu, mwanafunzi akipenda kumwonyesha mwalimu ukurasa, mwalimu amjibu kama msomaji amjibuvyo mwandishi, bila ya kugusa makosa ya upatanisho wa sarufi.

Najua majibu yatakayotolewa. Itasemwa kwamba madarasa yamejaa na mtihani wangoja. Lakini daftari lisilosahihishwa ndiyo kazi pekee ya maandishi isiyomwongezea mwalimu mzigo. Itasemwa kwamba pasipo alama wengine hawataandika. Ni kweli, na ukurasa mtupu ni haki yao. Pingamizi lenye uzito ni la tatu: itakuwaje mtoto akifunua kwamba anadhulumiwa? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humlazimisha kila mwanajamii ajuaye kwamba haki ya mtoto inavunjwa autoe habari kwa serikali ya mtaa. Kwa hiyo mwalimu asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Na aseme tangu siku ya kwanza: “Usilonionyesha sitalitafuta, utakalonionyesha, kama lina hatari kwako, sitalinyamazia.” Maneno hayo ni magumu, lakini mtoto huyaelewa vizuri kuliko ahadi ya uongo. Na tusisahau kwamba daftari si daktari. Mtoto aliyezama katika majonzi ahitaji mtu.

Kwa upande wetu sisi wa chuo kazi inayobaki ni ya namna mbili. Wahakiki hawana budi kuvisoma upya vitabu vya shule kwa kuuliza nani aketi darasani anapovisoma, na kuandika maelezo yatakayomsaidia mwalimu kusema wazi palipopitwa na wakati. Na wanaisimu wafanyao kazi katika Kibende, Kikonongo na Kipimbwe wangefanya jambo jema wakikusanya maneno ya hisia ya lugha hizo na kuyapambanua kwa Kiswahili, kwa maana lugha hizo zina maandishi machache na wasemaji wake wachanga huhamia Kiswahili upesi. Mtoto wa Mpanda atakayeyakuta maneno ya bibi yake katika kamusi ndogo ya shule atajua kwamba huzuni ya nyumbani kwao nayo ina jina, na kwamba aweza kuiandika.